Rimu za Bei Nafuu kwa Barabara za Vumbi na Mawe: Kuchagua, Kukagua na Kufunga

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye RAV4, Escudo, Forester, X-Trail, Hilux au Prado anayetoka lami mara kwa mara: barabara ya murram kwenda shamba, kokoto za mbugani, mchanga wa pwani, matope ya masika. Hauhusu kupanda majabali wala mashindano. Kwa matumizi ya namna hii huhitaji rimu za bei mbaya. Unachohitaji ni rimu yenye namba sahihi, isiyo na ufa, inayobeba uzito wa gari lako.

Tuseme mapema tunachokiamini: kwa pesa kidogo, hakuna kinachoshinda rimu orijino zilizotumika, zilizotoka kwenye gari la ukoo mmoja na lako, za kipenyo kilekile au pungufu kwa inchi moja. Kiwanda kilishazipima kwa uzito na breki zinazofanana na zako. Rimu mpya zisizo na jina, zenye matundu kumi ya stadi (bolti zinazoshikilia gurudumu) ili ziingie gari lolote, ndizo za mwisho kufikiria hata kama zinang'aa na bei inavutia.

Anza na namba za gari lako

Fungua mlango wa dereva utazame kibandiko kwenye nguzo. Pale pana saizi ya tairi la kiwandani na upepo wake. Kisha vua tairi moja na usome mgongo wa rimu, upande unaotazama breki. Utakuta maandishi kama 17x7½JJ na karibu yake ET30 au +30. Namba 17 ni kipenyo kwa inchi, 7½ ni upana kwa inchi, JJ ni umbo la ukingo linaloshika tairi, na 30 ni ofseti kwa milimita, yaani jinsi gurudumu linavyoingia ndani au kutoka nje ya gari.

Namba nyingine tatu hazionekani kila mara: PCD, yaani idadi ya stadi na kipenyo cha duara lao, tundu la katikati linalokaa kwenye habu (kitovu cha chuma kinachobeba gurudumu), na uzi wa stadi, ambapo M12x1.5 ni unene wa milimita 12 na nafasi ya milimita 1.5 kati ya uzi na uzi. Kwa magari yaliyozoeleka huku kwetu ziko hivi:

- Hilux 4x4 tangu 2005, Fortuner, Prado 90, 120 na 150: 6x139.7, tundu 106.1, uzi M12x1.5.
- Land Cruiser 100, 200, na zile za 70 zenye stadi tano: 5x150, tundu 110, uzi M14x1.5.
- RAV4, Harrier, Kluger, Vanguard: 5x114.3, tundu 60.1, uzi M12x1.5.
- Jimny na Escudo za kabla ya 2005: 5x139.7, tundu 108, uzi M12x1.25.
- Escudo tangu 2005: 5x114.3, tundu 60.1, uzi M12x1.25.
- X-Trail T30 na T31: 5x114.3, tundu 66.1, uzi M12x1.25.
- Forester za kawaida hadi 2018: 5x100, tundu 56.1, uzi M12x1.25.
- Pajero: 6x139.7, tundu 67.1, uzi M12x1.5.
- Patrol Y61: 6x139.7, tundu 110, uzi M12x1.25.

Tumia orodha hii kuanzia, lakini pima mwenyewe, maana gari lililopita mikononi mwa watu watatu huenda limeshabadilishwa habu au stadi. Kwa stadi sita, pima kutoka katikati ya stadi moja hadi katikati ya ile inayotazamana nayo. Kwa stadi tano hakuna inayotazamana moja kwa moja, hivyo pima kati ya mbili zilizo jirani na uzidishe kwa 1.701. Ukipata milimita 67 ni 114.3, milimita 59 ni 100, milimita 82 ni 139.7, milimita 88 ni 150. Angalia jinsi 5x114.3 na 5x120 zilivyokaribiana: 67 dhidi ya 70.5. Tofauti ya milimita tatu na nusu inatosha kuipinda stadi, na bado fundi mwenye spana ya upepo anaweza kulazimisha nati ziingie. Rimu ya namna hiyo italegea njiani.

Mtego wa 6x139.7

Muuzaji akikwambia "hizi ni sita, zinaingia gari zote", hapo ndipo pa kusimama. Pajero, Prado na Patrol zote ni 6x139.7, lakini matundu ya katikati yako mbalimbali. Rimu ya Pajero yenye tundu la 67.1 haiwezi kupita kwenye habu ya Hilux yenye 106. Wapo wanaoipeleka kwa fundi wa mashine ya kukereza ili tundu lipanuliwe. Usikubali: milimita karibu 20 za chuma zinaondolewa kila upande, na nyama inayobaki kati ya tundu na stadi ni nyembamba mno kwa gari linalogongwa na mawe.

Kinyume chake, rimu ya Hilux kwenye Pajero itaingia, ila itaning'inia kwenye nati peke yake bila kukalia habu. Pengo dogo huzibwa kwa pete ya habu. Kwa mfano, rimu ya X-Trail yenye 66.1 hukaa vizuri kwenye RAV4 yenye 60.1 ukiweka pete ya 66.1 kwa 60.1. Nunua ya alumini. Ya plastiki hulainika kwa joto la breki kwenye mteremko mrefu. Pengo la karibu milimita 20 kila upande halizibwi kwa pete. Hapo tafuta rimu nyingine.

Wenye Escudo ya tangu 2005 wana bahati: PCD na tundu ni sawasawa na RAV4, na rimu za RAV4 zimejaa sokoni. Tumieni nati za uzi wenu tu, zenye mdomo unaolingana na rimu, kwa sababu uzi wenu ni 1.25 na wa Toyota ni 1.5. Nati ya Toyota itaanza kuingia kwa mizunguko miwili hivi kisha itakula uzi wa stadi.

Kipenyo: shuka inchi moja ukiweza

Kwenye barabara mbovu, anayeilinda rimu ni ubavu wa tairi. Chukua Prado au Hilux. Tairi la 265/60R18 lina ubavu wa milimita 159. La 265/65R17 lina 172. La 265/70R16 lina 185. Kipenyo kizima cha matairi hayo matatu ni karibu sawa, kati ya milimita 775 na 777, hivyo spidomita haidanganyi na gia hazibadiliki. Ulichobadilisha ni milimita 26 za mpira na upepo kati ya jiwe na rimu. Kwenye shimo lenye makali, hizo ndizo zinazoamua kama utaendelea na safari.

Kwa RAV4 inayovaa 225/65R17 yenye kipenyo cha milimita 724, rimu ya 16 na tairi la 225/70R16 vinakupa 721. Usichukue 215/70R16 kwa kuwa tu ni rahisi kupatikana: ina 707, na gari linashuka chini kwa zaidi ya milimita 8. Tofauti ya kipenyo isizidi asilimia 3 kamwe, juu au chini, na hata ndani ya hapo chagua iliyo karibu zaidi na ya kiwandani.

Kinachozuia kushuka inchi ni breki za mbele. Matoleo yenye injini kubwa huwa na diski na kalipa (kibanio cha pedi za breki) kubwa, na rimu ndogo hugusa kalipa hata kama gari la jina hilohilo lenye injini ndogo huivaa bila shida. Ndiyo maana jaribio la kuvalisha, tutakalolieleza mbele, lifanyike kabla pesa haijatoka mkononi.

Upana nao una mipaka. Tairi la 265/65R17 hukubali rimu ya inchi 7.5 hadi 9.5. Kwa njia za mchanga sisi tunapendelea upande mwembamba wa kipimo hicho. Ukipunguza upepo hadi PSI 18 ili kuvuka mchanga, tairi lililokaa kwenye rimu nyembamba hubana kingo zake vizuri zaidi, halichomoki kirahisi unapokata kona. Ukingo wa rimu pia hujificha nyuma ya ubavu wa tairi badala ya kujitokeza nje ukikwaruzwa na kila jiwe.

Ofseti, na jinsi ya kuipima isipoandikwa

Ofseti ni umbali kutoka mstari wa katikati wa upana wa rimu hadi uso unaokaa kwenye habu. Ikiwa chanya kubwa, gurudumu linaingia ndani ya gari. Ikipungua kuelekea sifuri au hasi, linatoka nje.

Fanya hesabu kabla ya kununua. Gari lako lina 17x7.5 yenye +30. Nusu ya upana ni milimita 95. Ukingo wa nje uko 95 − 30 = 65 kutoka habu, na wa ndani uko 95 + 30 = 125. Umepata rimu ya 16x7 yenye +15: nusu ya upana ni 89, nje 74, ndani 104. Itatoka nje milimita 9 na kuacha nafasi ya milimita 21 zaidi kwa ndani. Hiyo inakubalika kabisa. Sasa umeonyeshwa ya 16x8 yenye ofseti 0: nje ni 102. Gurudumu linatoka milimita 37 kila upande. Litakwaruza madigadi ukikata kona kwenye mtaro, litarusha matope mlangoni, usukani utavutwa kila tairi moja likikanyaga jiwe, na beringi za mbele zitabeba mzigo usio wao. Watu hupenda lile umbo la kutanuka, lakini gharama yake hulipwa kidogokidogo kwenye beringi na bol joint.

Kwa magari madogo kama RAV4 na X-Trail hatari kubwa iko upande wa pili. Rimu za magari ya familia yenye 5x114.3 na ofseti ya +50 huingia stadi bila tatizo, kisha ubavu wa tairi unasugua shokapu kwa ndani. Hutaliona hadi tairi lichanike. Acha angalau milimita 10 kati ya tairi na shokapu.

Rimu isiyo na maandishi ipime hivi. Ilaze kifudifudi, mgongo juu, ikiwa haina tairi. Weka rula ndefu au kipande cha bomba lililonyooka kikatize kingo zake. Pima kutoka kwenye rula hadi uso wa kukalia habu. Tuseme umepata 133. Kisha pima upana wote wa rimu toka ukingo hadi ukingo kwa nje, tuseme 216. Toa nusu ya 216, yaani 108, kwenye 133. Ofseti ni +25. Upana wa nje huzidi ule ulioandikwa kwa takriban inchi moja, kwa hiyo milimita 216 ni rimu ya inchi 7.5, siyo 8.5.

Spesa, yaani sahani za kuweka kati ya habu na rimu ili gurudumu litoke nje, tunazikataa kwa kazi hii. Spesa ya bei rahisi huongeza mahali pa pili pa kulegea, na njia ya vumbi yenye mawimbi hutikisa kila nati kwa saa nzima bila kupumzika. Tafuta rimu yenye ofseti sahihi.

Uzito inaoubeba

Hapa ndipo rimu nyingi za bei rahisi huanguka. Chukua uzito wa juu unaoruhusiwa kwenye ekseli ya nyuma, ulioandikwa kwenye kitabu cha gari au kibao cha chesisi, ugawe kwa mbili. Ekseli ya kilo 1,600 inahitaji rimu ya kilo 800 au zaidi. Uwezo wa rimu huwa umechapwa mgongoni, kwa kilo au paundi. Ukiona 1520 LB, zidisha kwa 0.4536: ni takriban kilo 690. Rimu hiyo inaitosha RAV4. Ukiivika Hilux itakayopakia mifuko 20 ya saruji, ambayo ni tani nzima, umejitafutia ufa.

Rimu za aloi kutoka Japani huwa na alama ya JWL, kipimo cha usalama cha rimu za magari madogo. Kwa pikapu na magari ya mizigo tafuta JWL-T. Alama halisi imetoka na chuma chenyewe kiwandani, imeinuka au kuzama ikiwa na kingo safi. Stika au mchoro wa kalamu ya umeme usikushawishi.

Chuma au aloi?

Rimu ya chuma ni nzito na haipendezi kwa wengi, lakini kwa mtu wa vijijini bado ndiyo chaguo la akili. Ikipigwa hupinda kabla ya kupasuka. Fundi mwenye nyundo na uzoefu huinyoosha ukingo ukarudi kushika upepo, na safari ikaendelea. Mbaya wake ni kutu, hasa Tanga, Mombasa, Zanzibar na kokote kwenye chumvi: kutu hula pale tairi linapokaa na upepo ukaanza kutoroka polepole.

Aloi ni nyepesi, na wepesi huo una faida ya kweli kwenye njia ya mawimbi kwa sababu shokapu haihangaiki sana kurudisha gurudumu chini. Ikipigwa sana, hata hivyo, hupasuka. Aloi iliyochomelewa usiinunue kwa bei yoyote. Rimu ya alumini hupata nguvu yake kwa kupashwa na kupozwa kiwandani kwa joto lililopimwa. Moto wa kuchomelea huiua nguvu hiyo kandokando ya mshono, na ufa mpya huanzia palepale. Kunyoosha ukingo uliopinda kidogo kwa mashine, bila kuchomelea, ni jambo jingine na hufaa, mradi hakuna ufa.

Mwenye Prado au Hilux achague chuma cha kiwandani au aloi orijino ya 16 au 17. Mwenye RAV4, Forester au X-Trail achukue aloi orijino ya 16, kwa sababu za chuma zenye namba sahihi ni adimu na nyingi huishia kwenye magurudumu ya akiba membamba ambayo hayafai kabisa kwa mwendo wa kudumu.

Wenye Land Cruiser 70 za zamani mara nyingine hupewa rimu za vipande viwili zinazotumia tyubu na tairi la 7.50R16. Ni imara na zinatengenezeka popote, ila ukipunguza upepo mchangani tairi huzunguka kwenye rimu na kung'oa valvu ya tyubu. Kama njia yako ina mchanga mwingi, tafuta rimu za kipande kimoja zisizohitaji tyubu.

Sokoni: kagua kabla ya kuuliza bei

Kariakoo na Ilala kwa Dar es Salaam, Kirinyaga Road ambayo wengi bado wanaiita Grogan kwa Nairobi, Kisekka kwa Kampala: kote huko rimu za mtumba hupangwa zikiwa zimepakwa rangi mpya. Rangi ndiyo adui wa mkaguzi. Rimu yenye mikwaruzo ya kweli ni salama zaidi kwa mnunuzi kuliko iliyopulizwa jana, maana unaona ulichonunua.

Nenda mchana, na tochi, rula, kijiko cha chuma, na kitambaa chenye mafuta ya taa. Dai uone rimu bila tairi. Muuzaji akikataa kuvua tairi, mpe gharama ya kuvua. Akikataa tena, ondoka.

Anzia ndani ya pipa la rimu (ule mzunguko mpana unaovaa tairi), upande wa nyuma, kwa sababu ukingo wa ndani ndio hupigwa zaidi na ndio usioonekana gari likiwa limesimama. Futa vumbi kwa kitambaa. Subiri dakika chache. Mafuta ya taa huingia kwenye ufa na kuacha mstari mweusi uliolowa hata baada ya kufuta juu. Tafuta alama za jiwe la kusagia, rangi iliyo tofauti kwa upana wa vidole viwili, au uvimbe unaousikia kwa kidole gumba ukizungusha mkono ndani ya pipa. Hizo ni alama za kuchomelewa.

Kisha itundike rimu kwenye kidole kimoja kupitia tundu la stadi uigonge taratibu kwa kijiko. Nzima hulia kama kengele na sauti hubaki kidogo. Yenye ufa hutoa mlio mfu. Jaribu zote tano mfululizo. Sikio hutofautisha haraka likiwa na ya kulinganisha. Jaribio hili halitoshi peke yake, linakuonyesha tu ni ipi ya kuangaliwa tena.

Matundu ya stadi yaangalie kwa makini kuliko yote. Yawe duara kamili. Tundu lililovutwa likawa kama yai linasema rimu iliwahi kuendeshwa nati zikiwa zimelegea, na hakuna dawa yake. Kwenye rimu ya chuma, angalia pia mshono unaounganisha sahani ya kati na pipa, na nyufa kama nywele zinazotoka kwenye matundu ya stadi kuelekea katikati.

Mwisho, lipia mashine ya balansi. Rimu ikizunguka tupu, itazame ukingo wake. Mtikisiko wa zaidi ya milimita 1.5, wa juu na chini au wa pembeni, ni sababu ya kuiacha au kushusha bei hadi gharama ya kuinyoosha iingie humo.

Matairi yanayokuja na rimu yasikupumbaze. Soma tarakimu nne za mwisho za mstari wa DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye umri wa zaidi ya miaka sita lihesabu kuwa halina thamani, hata kama kashata zake ni nene.

Nunua tano, zote namba moja. Bajeti yako iwe na rimu tano, valvu tano mpya, nati 20 kwa gari la stadi tano au 24 kwa la stadi sita kama za zamani hazilingani, balansi na alaimenti. Tukilazimika kugawa pesa, tunapunguza kwenye rimu na kuongeza kwenye tairi: rimu ya chuma yenye tairi imara huenda mbali kuliko aloi ya kifahari yenye tairi laini.

Nati: kitu kidogo kinachoangusha gurudumu

Rimu za chuma za Toyota hutumia nati zenye mdomo wa koni wa nyuzi 60. Aloi nyingi orijino za Toyota hutumia nati zenye shingo iliyonyooka na washa bapa. Honda hutumia mdomo wa duara kama mpira. Ukifunga nati ya koni kwenye kiti bapa (kiti ni pale nati inapokalia rimu), inagusa kwa mstari mwembamba tu; itakaza leo na kulegea kesho. Kwa hiyo unaponunua rimu za mtumba, dai na nati zake, mradi uzi ni uleule.

Hesabu mizunguko. Nati lazima ishike uzi kwa urefu usiopungua unene wa stadi. Kwa M12x1.5 ni mizunguko 8 kamili, kwa M12x1.25 ni 10, kwa M14x1.5 pia 10. Aloi huwa na sahani nene kuliko chuma, hivyo ukitoka chuma kwenda aloi unaweza kukuta mizunguko mitano tu. Hapo badilisha stadi uweke ndefu, au rudisha rimu.

Jaribio la kuvalisha

Valisha rimu moja mbele, ile yenye tairi la saizi utakayotumia. Kabla ya hapo bandika donge dogo la unga wa ngano uliokandwa juu ya kalipa, sehemu iliyotokeza zaidi. Funga nati zote, zungusha gurudumu kwa mkono, kisha vua uone unene wa donge uliobaki. Milimita 3 ni kiwango cha chini cha lami. Kwa kokoto tunataka 5 au zaidi, kwa sababu kijiwe kikinaswa kati ya kalipa na rimu hukata mfereji ndani ya pipa huku ukisikia mlio wa kukwaruza tu.

Shusha gari chini. Kata usukani hadi mwisho kulia, kisha kushoto, ukisonga mbele na nyuma. Halafu panda gurudumu moja la mbele kwenye tofali au ukingo wa mtaro ili sasipenshi ijibane, na urudie kukata. Angalia madigadi ya ndani, bampa, na stabilaiza. Alama yoyote ya kugusa leo itakuwa tundu kwenye tairi ukiwa umepakia watu watano na mizigo.

Kufunga

Sugua uso wa habu kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane. Kipande cha kutu chenye unene wa nusu milimita hulalia upande mmoja, rimu ikakaa mshazari na gari likatetemeka hata baada ya balansi. Paka grisi kidogo sana ya shaba kwenye mdomo wa habu tu. Stadi ziache kavu. Kwenye rimu zilizopakwa rangi upya, kwangua rangi yote kwenye viti vya nati na uso unaokaa kwenye habu. Rangi nene hujibana gari likitembea, nati zikabaki bila mkazo. Magurudumu mengi yanayochomoka baada ya "kupendezeshwa" huanzia hapo.

Weka valvu mpya. Rimu nyingi za magari haya zina tundu la valvu la milimita 11.3, na valvu ya mpira ya TR413 inatosha.

Ingiza nati kwa vidole kwanza, zote. Kaza kwa kuvuka, kamwe usifuate duara, kwa awamu tatu. Kwa stadi za M12 kwenye aloi, mkazo huwa kati ya Nm 100 na 115. Kwa M14 kwenye aloi ni karibu Nm 130. Rimu ya chuma kwenye baadhi ya magari inahitaji zaidi, kwa hiyo kitabu cha gari lako ndicho cha mwisho. Kama hakuna spana ya kipimo, chukua mpini wa sentimita 50 na usukume mwishoni mwake kwa nguvu ya kilo 22: hiyo ni takriban Nm 110. Kusimama juu ya spana kwa mguu huvuta stadi kupita kiasi, na spana ya upepo iliyoachwa mikononi mwa mtu mwenye haraka hufanya vivyo hivyo.

Kaza tena baada ya kilomita 50 hadi 100, rimu zikiwa zimepoa. Nenda kwenye alaimenti ukiwa umebadilisha ofseti, hata kama usukani umenyooka.

Kwa upepo, anza na namba ya kibandiko cha mlangoni ukiwa lami. Kwenye murram yenye mawimbi shuka hadi PSI 26 au 28 na upunguze mwendo. Kwenye mchanga laini 16 hadi 18, na usiende chini ya 15 kwa rimu za kawaida. Ukitoka mchangani jaza kabla ya kuongeza mwendo, kwa kuwa tairi laini kwenye mawe ndilo linaloacha rimu ipigwe.

Baada ya safari ya kwanza mbovu, angalia mapipa kwa ndani kwa tochi. Mstari mpya unaong'aa unakwambia kuna kinachogusa. Toa matope yaliyoganda kabla ya kulaumu balansi: donge la matope makavu upande mmoja wa pipa hutikisa usukani vilevile kama rimu iliyopinda.

Bado rimu ya tano. Kwenye Hilux na Prado nyingi zinazobeba spea chini ya gari, mnyororo huishika rimu kwa sahani inayopita katikati. Ipandishe rimu mpya palepale uone kama sahani inaishika sawasawa na tairi halichezi. Kama spea ni ya chuma na nne za barabarani ni aloi, weka nati zake za koni kwenye mfuko pamoja na jeki, idadi ya gurudumu moja, uzi sahihi.